Kituo Hakisikii Kijaluo

Watu wa pande za Kisegi, kando ya ziwa, wakimkumbuka yule mzee humkumbuka kwa heshima. Wanasema alikuwa mtu wa kazi, mtu asiyechezewa. Mimi nilimjua kwa miaka mingi, nikakaa naye kwenye benchi moja, nikamwona akifanya mema na mabaya, na hadi leo nikisikia anasifiwa roho hunichafuka. Wazazi wake sikuwajua, na alikozaliwa sikuuliza. Jina lake nalijua lakini sitalitaja, kwa kuwa hata yeye mwenyewe hakulitumia. Aliitwa Kituo. Ndivyo alivyojiita kwenye redio, na ndivyo wazee walivyomwita mpaka sokoni: Kituo amepita, Kituo ananunua nyanya, Kituo leo ameamka vibaya.

Kwanza niieleze redio yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, misheni moja iliyokuwa na zahanati kilimani ilipata wafadhili waliotaka kuwasaidia wazee. Walikuwa wameona hali ilivyokuwa: vijana wamekwenda Nairobi na Kisumu, wengine wako visiwani wanavua, na boma zima limebaki na mzee mmoja na kuku wake. Mzee akiteleza chooni, nani atajua? Simu hazikuwa zimefika, na barua ya kusema mama ameanguka ilikufikia mama akiwa ameshapona au ameshazikwa. Basi wale wafadhili wakaleta redio ndogo za kuongelea, kila moja na betri yake na sola yake juu ya bati, wakamfungia ukutani kila mzee aliyeishi peke yake na aliyekubali. Ilikuwa na kitufe kimoja, kwenye mikrofoni. Ukikibonyeza ukasema, unasikika zahanati tu. Zahanati inamtuma jirani aliyepewa redio na baiskeli ya mradi, na hali ikiwa mbaya inatuma gari. Zaidi ya hapo, kila asubuhi zahanati iliwaita wazee wote, mmoja baada ya mwingine, kujua kama wameamka salama. Mimi niliuza spea za baiskeli mjini Migori, na baiskeli za mradi zilikula tairi na minyororo kupita kiasi, kwa hivyo nilipanda kilima kile mara kwa mara. Aliyekalia kiti cha redio alikuwa Kituo.

Na mama yangu alikuwa mmoja wa wazee hao. Baba alikuwa amekufa, ndugu zangu wametawanyika, na mimi niliyekuwa karibu kuliko wote nilikuwa Migori, safari ya kubadilisha gari na kubadilisha tena. Mara nyingi nilimwambia aje mjini, akakataa. Mila yetu haimruhusu mama kulala katika nyumba ya mwanawe, na ingawa kwenye nyumba za kupanga watu wamezoea kufumba macho, yeye hakutaka kufumba. "Nife ndani ya chumba cha kulipia?" aliniuliza. "Watu wakija kunililia waingie kwa mlango wa nani?" Alitaka kuishi kwake, karibu na kaburi la mumewe, na kufa huko huko. Redio ndiyo iliyoniruhusu nimwache. Bila redio ningemhamisha kwa nguvu. Kwa hiyo tangu mwanzo nyumba ya mama ilisimama kwa sauti ya yule mzee, na jambo hilo halikunifurahisha hata kidogo.

Sauti yenyewe alikuwa nayo. Alikuwa mfupi, mabega mapana, na kila siku alivaa tai iliyopauka rangi pamoja na akala za tairi miguuni. Mikrofoni aliifuta kwa spiriti ya zahanati kila mtu mwingine alipoigusa, hata akiwa sista aliyewatunza wagonjwa kutwa nzima. Chai yake ilikuwa kwenye chupa kubwa ya maua, na chupa hiyo ilikuwa yake peke yake. Mgeni alionyeshwa mtungi wa maji. Nimewahi kumletea tairi kwenye mvua, nimelowa chapachapa, akamimina kikombe chake mbele yangu, akanywa akinitazama, kisha akaniuliza kama risiti nimeandika vizuri.

Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi ya redio serikalini, na aliondoka huko akiwa amebeba sheria zote kichwani. Hewani hakumsalimia mtu. "Hewa si sebule," alisema. Hewani hapakuwa na mama, dani wala jaduong', heshima zote tunazowapa wazee wetu. Palikuwa na stesheni. Mama yangu, aliyezaa watoto saba na kuzika wawili, alikuwa Stesheni Nane. Alivyokuwa na nywele nyeupe vile, anaitwa nambari na mtu wa rika la mdogo wake. Nililalamika. Kituo akasema nambari haina kabila, haina dini na haina ukoo, kwa hivyo hakuna atakayesema mwenzake amependelewa. Ukimsikiliza haraka unaweza kudhani amesema jambo la busara.

Kisha kulikuwa na suala la lugha. Leseni ya redio ilitaka Kiswahili au Kiingereza, na miaka ile serikali ilizitilia shaka redio za watu binafsi. Wakati mwingine mtu wa chifu alikuja kusimama mlangoni kusikiliza tu. Hilo nalikubali. Lakini kila mtu mwingine aliyekuwa na redio pande zile alijua kuipinda sheria hiyo pale penye haja, na mtu wa chifu mwenyewe alikuwa Mjaluo. Kituo hakuipinda. Aliinyoosha zaidi ya ilivyoandikwa. Wazee waliojitahidi kuongea Kiswahili chetu hiki cha soko aliwasahihisha kama watoto wa darasa la pili. Siku moja nimekaa kwenye benchi, mzee mmoja akaita.

"Kituo, mguu yangu inauma. Imefura."

"Mguu wangu unauma. Umefura. Rudia," Kituo akasema.

Kisha sauti ya mzee ikatoka polepole: "Mguu wangu unauma. Na wewe unaniuma kushinda huo mguu."

Wagonjwa waliokuwa nje wakacheka mpaka mtoto mmoja akaanza kulia. Kituo hakucheka. Akamtuma mwenye baiskeli, na hilo alilifanya upesi, lakini uso ulikuwa umekunjamana siku nzima. Na kichekesho ni kwamba yeye mwenyewe ulimi wake ulikuwa wa huku huku kwetu. Herufi z ilimshinda. Akitaka kusema "lugha ya kazi" alisema "lugha ya kasi." "Hapa tunatumia lugha ya kasi!" alimfokea ajuza wa watu, na ajuza akajitahidi kuongea mbio mbio.

Sasa, kuna wazee ambao Kiswahili hawakuwa nacho kabisa, wa soko wala wa serikali, na mama alikuwa mmoja wao. Hao Kituo aliwapa neno moja. Ukiitwa asubuhi, na kama u mzima, sema OK, basi. Lilikuwa neno rahisi, la kimataifa, kama alivyopenda kusema. Tatizo ni kwamba sisi neno hilo tulikuwa nalo kabla ya Wazungu, na kwetu lina maana ya kinyume. Mjaluo akitaka kukanusha jambo huanza na ok. Ok adhi, siendi. Ok adwar, sitaki. Mama alipofundishwa alicheka hadi akajifuta machozi. "Yaani nikiwa mzima niseme si?" aliniuliza. "Na nikiwa mgonjwa niseme nini, ndiyo?" Lakini akajifunza. Kila asubuhi alijifunga kitambaa kichwani kwanza, kana kwamba anaonekana, akasimama mbele ya redio akangoja nambari yake, akasema OK kwa sauti ya kanisani. Nilimwona mara nyingi nilipolala kule. Alipenda saa ile. Sikuelewa alipenda nini.

Nisije nikaonekana sijui kusema jema la mtu. Kituo hakuwahi kukosa siku. Alikuwa Msabato, na kanisa lake lilimwita mara mbili kumwuliza kwa nini anafanya kazi Jumamosi. Akawaambia ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato Biblia inaruhusu kumtoa, nao wakamjibu kwamba Biblia haikusema ukae ukingoni kila Sabato ukingoja ng'ombe atumbukie. Wakamvua uzee wa kanisa. Jumamosi iliyofuata alikuwa kitini, tai shingoni, anaita stesheni. Hongo hakuchukua. Kuku hakupokea.

Na kuna siku ya mzee wa Takawiri. Nilikuwepo, kwa hiyo siwezi kuikana. Mzee huyo alikuwa na pumu, akiishi peke yake pale kisiwani baada ya wanawe kuhamia kambi nyingine za samaki. Mchana mmoja ziwa lilichafuka, hakuna boti iliyothubutu kuvuka, na mzee akaanza kukosa pumzi. Tulimsikia akivuta hewa kwenye redio, sauti ya kutisha. Kituo akasogeza kiti. Akamwambia akae, aegemee mbele, avute kwa pua, atoe kwa mdomo. Akamtuma jirani wa pale kisiwani akambandikie maji ya moto. Kisha akaendelea kumwongelesha mchana kutwa, kwa Kiswahili chake kile cha kunyooka, akimwuliza majina ya samaki na nyavu, hata mara moja hakuinuka kwenda haja. Boti ilipofika jioni ikiwa na sista, mzee alikuwa hai. Nilitaka kumshika mkono Kituo. Siku chache baadaye binti wa yule mzee akaja kushukuru, amebeba jogoo. Kituo akamwambia arudi na jogoo wake, na amwambie baba yake kwamba mchana kutwa hakusema "ova", neno la kumalizia kila usemi redioni, hata mara moja. Binti alitoka pale macho yamemjaa. Basi na mimi mkono nikauweka mfukoni.

Nyuma ya zahanati alikuwa na ng'ombe mmoja, jike jekundu. Ukipita huko jioni ungemsikia Kituo akimwongelesha kwa Kijaluo laini, akimwita mama, akimwuliza kama amelala vizuri, kama mguu haumsumbui. Ng'ombe alisikilizwa kwa lugha yake.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Ilikuwa msimu wa mvua ndefu. Mama aliamka alfajiri, akateleza kwenye maji yaliyoingia chini ya mlango, akaanguka kati ya kitanda na mtungi. Nyonga ikavunjika. Hakujua imevunjika, alijua tu kwamba mguu haumtii. Akajikokota kwa viwiko mpaka kwenye redio. Ilikuwa imefungwa juu, ya kumfaa mtu aliyesimama, lakini mikrofoni ilining'inia kwa waya wake, akaivuta. Wakati huo huo Kituo alikuwa anaita majina ya asubuhi, yaani nambari. Ikafika zamu yake.

"Stesheni Nane."

"Ok anyal chung'," mama akasema. Siwezi kusimama. "Ok. Ok anyal."

"Stesheni Nane, OK. Imepokewa. Stesheni Tisa."

Mama akabonyeza tena. Akasema tena maneno yale yale, kwa nguvu zaidi, akilia. Kituo akamjibu: "Nane, umeshapokewa. Toka hewani, wengine wanangoja." Mama akabonyeza mara ya tatu, lakini stesheni nyingine ilikuwa inaongea, na mbili zikiongea pamoja hakuna inayosikika. Baadaye alichoka, mikrofoni ikamtoka mkononi ikarudi juu kwa waya wake. Alilala sakafuni pale siku nzima na usiku kucha. Asubuhi ya pili Kituo akaita Nane, Nane hakujibu, na hapo ndipo kwa sheria mtu wa baiskeli alipotumwa. Akamkuta.

Habari hii yote niliipata kwa mama, na kwa sista aliyekuwa chumba cha pili akidunga watoto sindano. "Nilisikia kwa ukuta," sista aliniambia, hawezi kunitazama. "Nikasema, sawa, ameshajua, atatuma mtu. Yeye si ni mtu wa huku? Halafu nikasikia ameita Tisa."

Mama akiwa amelazwa hospitali Homa Bay, nilipanda kilima. Nilimkuta anafuta mikrofoni.

"Alikuambia hawezi kusimama," nikamwambia.

"Alisema OK. Ndiyo jibu tuliyokubaliana." Kwa mara ya kwanza nilimsikia akikosea sarufi, nikajua amenielewa vizuri sana.

"Wewe ni Mjaluo. Ulisikia."

Akaweka kitambaa chini. "Nikikaa kwenye kiti hiki mimi si Mjaluo," akasema. "Mimi ni kituo. Kituo hakisikii Kijaluo. Nikianza kusikia ya mama yako, nitasikia na ya mtu wa chifu akisema nimevunja leseni, na kesho redio zote zinafungwa. Wazee wote wanabaki bila kitu. Unataka hiyo?"

"Nataka mama yangu."

"Mama yako ni stesheni moja," akasema.

Kama sista hangeingia ningempiga. Nasema hivyo bila kuona aibu. Nilitaka sana kumpiga, na mikono iliniwasha njia nzima ya kurudi Homa Bay.

Nimewaza sana kama ilikuwa bahati mbaya. Kuna wanaosema mtu akishazoea kusikia neno kwa maana moja, sikio hufunga maana nyingine zote, na kwamba mzee alisikia OK kweli, kama alivyoisikia kila asubuhi kwa miaka. Huenda. Lakini OK ya kila asubuhi ilikuwa neno moja, na hii ilikuwa na mkia, ikasemwa tena na tena na mwanamke anayelia. Mimi naamini alisikia, na kiti kikamzuia. Na mtu anayekiruhusu kiti kimzibe masikio yake mwenyewe sina heshima naye, hata angekuwa amewaokoa wazee wote wa Takawiri.

Mradi uliitisha kikao. Nilikwenda nikidhani atafukuzwa. Kituo akasimama mbele ya wafadhili, tai imenyooshwa, akasema kwamba kutokana na tukio fulani amegundua udhaifu katika neno la kujibu, na anapendekeza neno OK liondolewe, mahali pake liwekwe "Salama." Wafadhili wakapiga makofi. Mzungu mmoja akasema huo ndio uongozi. Jina la mama halikutajwa. Nilitoka nje nikaketi kwenye ngazi, na watu wakanipita kwenda kula wali.

Mama alipotoka hospitalini nilimpeleka Migori. Hakuwa na nguvu za kubishana. Nilimpangia chumba chake peke yake kwenye ploti yetu, mlango wake mbali na wangu, nikidhani hilo litatosha. Halikutosha. Alijifunza kutembea tena kwa fimbo, akaweza kufua, akaweza kupika, lakini hakuwahi kusema "kwangu" akimaanisha chumba kile. Alisema "hapa." Mvua za kwanza zikinyesha aliniuliza nani atalima shamba lake. Akisikia mtu amekufa aliuliza amezikwa wapi. Na kila msimu aliniomba nimrudishe. Nilimjibu kwamba yaliyompata yatampata tena, na safari hii hatanusurika. Mradi nao ulikwisha miaka michache baadaye. Wafadhili walikwenda kwingine, betri zikafa, na redio zikabaki ukutani watoto wakizichezea. Basi nikapata jibu jingine: redio yenyewe haipo, mama, nani atakusikia?

Jambo lililonikera zaidi ni kwamba mama hakumchukia Kituo. Kila niliposafiri upande wa ziwa alisema, "Ukipita Kisegi, umsalimie yule mtu." Nilisema sawa, na sikupeleka salamu. Nikamwuliza anamsalimia kwa lipi. "Aliniita kila siku," akasema. "Tangu baba yako afe, ni nani mwingine aliyeniita kila siku?"

Mara ya mwisho alinipa na sukari, pakiti nzima ya kutoka kiwandani Awendo, akanishika mkono akasema nikirudi nayo atajua. Ndipo nikaenda. Sokoni Kisegi waliniambia mzee anaishi peke yake, mbele kidogo ya soko, ng'ombe ameshauzwa na mke wake amefariki. Ilikuwa saa za mchana, jua kali. Nilikuta mlango umerudishwa, na ndani redio ya kawaida ikisoma taarifa ya habari. Nikapiga hodi.

"Nani hapo?" sauti ikauliza. Ilikuwa ile ile. "Jitambulishe."

Nikajitambulisha. Akasema, "Mlango uko wazi. Ingia. Nimeanguka."

Alikuwa sakafuni kando ya meza, mgongo ukutani, shati limelowa. Alikuwa hapo tangu asubuhi. Hakuwa amevunjika popote, nilimgusa mguu kwa mguu, ila nguvu za kuinuka hakuwa nazo. Nilisimama juu yake. Maneno niliyoyabeba kwa miaka yote yalikuwa kichwani, yamepangwa, na hapakuwa na sista wa kuingia kunizuia.

"Unangoja nini?" akaniuliza. "Shika chini ya kwapa. Si hapo. Chini ya kwapa."

Nikamwinua. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na alinifokea kwamba namvuta vibaya. Nikamlaza kitandani, nikamletea maji, akanywa kikombe kizima. Nikaiweka sukari mezani nikamwambia imetoka kwa nani.

"Nane," akasema. "Yuko wapi sasa?"

"Yuko kwangu Migori. Tangu siku ile."

Nilingoja aseme pole, na naapa kama angeisema sijui ningefanya nini. "Alikuwa na sauti safi," akasema mwishowe. Ndilo nililopata.

Nilipogeuka kuondoka akanishika shati. Nilimjua kijana wake, muuza mbao pale Uriri, njia yangu ya kurudi; mara nyingi kijana huyo alikuwa amesema dukani kwangu kwamba baba akianguka tena atamtoa kule na kumweka kwake mjini, atake asitake. Kituo alijua kwamba najua. Na sasa ile sauti ya kunyooka ikaondoka, akaongea nami kwa mara ya kwanza katika maisha yetu kama mzee wa kwetu anavyoongea na kijana wa kwetu.

"Nyathina," akasema, "kik inyis wuoda." Mwanangu, usimwambie kijana wangu. "Atanitoa hapa. Nitafanya nini Uriri? Mke wangu amelala hapo nje."

Nikamwambia sitasema. Nikamsogezea maji na sufuria karibu na kitanda, nikamwomba mwanamke wa jirani awe akimchungulia, nikaenda zangu. Usidhani nilimhurumia. Nilipofika Uriri duka la mbao lilikuwa wazi, kijana wake amesimama mlangoni akanipungia mkono, nami nikampungia, nikaendelea. Nilikuwa bado namchukia baba yake. Namchukia hadi sasa.

Mama nilimkuta nje ya chumba chake akichambua mboga za osuga, fimbo imeegemea ukuta. Nikamsimulia yote, na nakiri kwamba kile kipande cha sakafuni nilikisimulia kwa ladha kidogo. Hakutabasamu.

"Nani amebaki naye?" akauliza.

"Hakuna mtu. Jirani atamchungulia."

"Na kijana wake umemwambia?"

"Hapana. Mzee aliniomba nisimwambie, maana atamhamisha."

Mikono ya mama ikaacha mboga. "Alikuomba mara ngapi?"

"Mara moja," nikasema.

"Mara moja," akasema mama. "Na wewe ukakubali." Akarudi kuchambua mboga zake, na hakunisemesha tena mpaka siku nilipokuja kumwambia kwamba nimepata pikapu ya kumrudisha kwake, karibu na kaburi la baba.